Kwikwi ya Fundi Khatibu na Nusu Kidonge

Kibondo, Jumatatu 3 Juni 2024

Kwako mjukuu wangu na mke mwenzangu Zuleha,

Asalaam aleikum. Huku tuko salama, isipokuwa yule mume wetu, nitamfikia. Mvua zimekatika, maharage yako juani, na yule kuku mweupe uliyempenda kaliwa na kicheche. Usimlilie, alikuwa hatagi. Mansuri wa dukani kapaka duka lake rangi ya bluu, sasa linaonekana kama bafu.

Nakuandikia kwa mkono wangu. Darasa la nne la zamani si la kuchezea. Simu sipigi tena mambo ya nyumbani, maana tangu ilipoanguka kwenye ndoo inasema kwa sauti kubwa tu, ile ndogo imekufa. Juzi ulipouliza babu yako anakojoa mara ngapi kwa siku, aliyekujibu ni Mansuri, kutoka dukani kwake, kabla mimi sijafungua mdomo. Kwa hiyo barua hizi atazileta Pasikali dereva, na wewe jibu kwa njia hiyo hiyo.

Sasa neno lenyewe. Babu yako ana kwikwi. Usicheke. Ilianza Jumamosi tarehe ishirini na tano, leo siku ya kumi, haipumziki ila akilala, na kulala kwenyewe inamwamsha.

Nimefanya yote. Amekunywa maji mafunda saba bila kuvuta pumzi, akapaliwa. Nimemshtua kwa kugonga sufuria nyuma ya kichwa chake, aliyeshtuka ni mteja, katimka na suruali isiyopigwa pasi. Nikachukua uzi mwekundu wa cherehani, nikaulowesha mate, nikambandika kwenye paji la uso kama tunavyowabandika watoto wachanga. Akausahau, akaenda nao msikitini. Sheikh Shamsi akamwuliza kama ni dawa au ni mtindo.

Tukiwa wadogo tuliambiwa mwenye kwikwi kaiba kitu. Basi nikamwuliza, "Khatibu, umeiba nini?" Mdomo ukafunguka, nikasema leo nasikia. Akasema, "Hik."

Mimi nina mashaka naye. Mwezi uliopita alikuja huko Kasulu kununua vifungo vya mashati, akarudi mikono mitupu, eti duka limefungwa. Duka gani la Kasulu linafungwa siku ya soko? Tangu hapo ana jambo.

Uliza wenye dawa unaowajua. Ila usinianzie tena habari ya ile mashine ya huko ya kusafisha damu. Mashine anayo, cherehani ya kukanyaga, imetulisha miaka arobaini.

Wako mke mkubwa,
Bibi Zaitun


Kasulu, 9 Juni 2024

Bibi yangu mpenzi, shikamoo.

Waaleikum salaam. Barua yako imefika ikiwa na harufu ya petroli, Pasikali anasema aliiweka mahali salama. Mimi sijambo, duka la dawa lina kazi nyingi, na nyumba niliyopanga imepata bomba la maji uani. Chumba cha pili bado kitupu. Nakitaja tu.

Bibi, nilicheka kwenye uzi, halafu nikaacha kucheka. Kwikwi ya siku kumi kwa mtu mwenye figo kama za babu si ya kubandikia uzi. Ulikuwepo daktari alipotuambia kwamba nguvu ya figo zake imebaki kidogo sana. Uchafu ambao figo zingeutoa unabaki kwenye damu, unazunguka, unauchokoza ule msuli wa kupumulia ulio chini ya mbavu. Ukichokozwa unaruka. Hiyo ndiyo kwikwi. Sufuria haifiki huko.

Umeniuliza dawa. Dawa za kutuliza kwikwi zipo, hata hapa dukani zipo. Ila nyingi katika hizo hutolewa mwilini na figo zile zile. Mimi nikinywa kidonge leo, kesho kimeshatoka. Babu akikinywa kinakaa, cha kesho kinakikuta, cha keshokutwa kinavikuta viwili. Ndiyo maana namwogopea.

Nimemwuliza Daktari Ildefonsi wa hospitali yenye mashine. Amesema dawa ya kwanza ya kwikwi hii ni kusafisha damu, Jumatatu na Alhamisi, kwa muda wa saa nne kila safari. Akasema pia ndizi babu asile, maharage apunguze, chumvi asiguse, na maji umpimie kwa kikombe. Na vidonge vya kuuziwa mkononi asipewe hata kimoja.

Mlete, mke mwenzangu. Sitamwiba.

Mjukuu wako,
Zuleha


Kibondo, 20 Juni 2024

Kwa Zuleha,

Asalaam aleikum. Idi imepita. Sheikh Shamsi ametusomea hotuba ndefu mpaka mbuzi wakaanza kumjibu. Mwalimu Kipriani, ingawa si wa dini yetu, kaja kula, na kala kama wa dini yetu kabisa.

Barua yako nimeisoma. Ndizi asile, maharage apunguze, chumvi asiguse, maji kwa kikombe. Umembakishia nini, kuta? Nimempikia mchuzi bila chumvi, akauliza kama mbuzi alikuwa anaumwa.

Kwikwi haijatoka. Leo siku ya ishirini na saba. Chakula kikishuka kinarudi. Kila akikanyaga cherehani kwikwi inamrusha na mshono unaruka naye. Sare ya mtoto wa Kipriani ina pindo linalokwenda kama nyoka aliyekanyagwa, nimelifumua mwenyewe, nimelirudia kwa mkono. Amekonda. Juzi pete yake imedondoka ndani ya uji, tukaikuta chini ya bakuli. Nimeifunga kwenye ncha ya kanga yangu.

Jana, kati ya kwikwi moja na nyingine, ameniambia, "Zaitun, nimechoka." Wewe humjui. Alijenga nyumba hii kwa mikono yake hakusema amechoka. Alizika watoto wawili hakusema.

Kwa hiyo acha kunisomesha msuli gani unaruka. Nipe dawa. Umesomea dawa au umesomea kukataa? Pasikali mwenyewe alishikwa na kwikwi mwaka juzi, akapewa kidonge, siku ya pili amenyamaza.

Kasulu haji. Nimemwuliza mbele ya Sheikh Shamsi, kasema hataki. Sababu haisemi. Mimi siijui.

Bibi yako


Kasulu, 30 Juni 2024

Bibi, shikamoo.

Naandika kwa haraka, kuna watu mbele yangu wanasubiri. Nimesoma barua yako mara tatu. Habari ya pete imenishinda.

Ndani ya barua hii kuna bahasha ndogo ya dukani yenye vidonge kumi. Ni dawa ya kulegeza misuli. Maelezo nimeyaandika juu ya bahasha: ½ × 1. Fuata hivyo hivyo, usizidishe hata kama huoni nafuu, na ukiona jambo lolote geni acha mara moja uniambie.

Daktari Ildefonsi hajambo, anawasalimu.

Zuleha


Kibondo, Ijumaa 5 Julai 2024

Kwa Zuleha binti wa mwanangu,

Asalaam aleikum. Wote wazima, kuku wazima, Mansuri mzima. Bahasha niliipokea Jumanne asubuhi.

Kwanza nikupe sifa, maana nina haki ya kukukasirikia baadaye. Kwikwi imekwisha. Jumatano adhuhuri ilikata kama uzi. Mtaa mzima umeniuliza, nimewaambia mjukuu wangu ni mtu wa dawa, si wa mchezo. Nimeifuata bahasha yako kama msahafu: moja asubuhi, mbili jioni. Ule msalaba uliouchora pembeni sikuujali, nikajua ni salamu za Daktari Ildefonsi, na ile moja ya mwisho nikajua ni kila siku moja. Kimebaki kidonge kimoja. Tuma vingine.

Sasa la pili. Babu yako amelala tangu jana adhuhuri. Nasema ni usingizi wa siku arobaini anaulipa. Nikimwita anafumbua jicho moja, analifunga, hata viwili vya jana jioni amevimeza hivyo hivyo. Mikono inarukaruka juu ya shuka kama anashona, na hakuna nguo. Hayo si neno. Neno ni kwamba leo asubuhi kafumbua macho yote mawili, kanitazama mimi, Zaitun, niliyemzalia watoto sita, kasema kwa sauti laini ambayo sijaisikia tangu mwaka wa harusi:

"Gentille, niwekee kile kiti cha dirishani."

Gentille ni nani?

Hilo si jina la Kibondo. Wala la Kasulu mjini si jina. Hilo ni jina la Nyarugusu, kambini kwa Wakongo. Nikamtikisa, nikamwuliza, "Khatibu, Gentille ni nani?" Akacheka kidogo, akalala. Sasa vifungo nimevielewa. Nimeelewa na duka lililofungwa siku ya soko. Kumbe kwikwi ilikuwa kweli ni ya wizi, na aliyeibiwa ni mimi.

Wewe upo huko. Ulizia. Ukimpata mwambie Zaitun bado yu hai na meno anayo.

Bibi yako mwenye hasira


Kasulu, 14 Julai 2024

Bibi, shikamoo. Najua huenda usiiitikie.

Ulikataa kunisemesha siku ile nilipokuja, kwa hiyo niliyokuwa nayo nayaandika. Pasikali alikaa na barua yako mfukoni hadi Jumamosi jioni. Niliisoma nimesimama mlangoni pa duka. Nilipofika "moja asubuhi, mbili jioni" nilikaa chini, kwenye kreti la soda la jirani. Simu yako ilikuwa imezimwa. Ndiyo maana Jumapili alfajiri tuliingia uani kwako na gari bila kupiga hodi vizuri, tukambeba babu na godoro lake. Na wewe ukakaa kwenye kiti cha cherehani, ukasema hupandi gari linalokwenda kwa Gentille.

Bibi, ile haikuwa moja na mbili. Ilikuwa nusu. Moja juu, mstari, mbili chini: nusu kidonge. Ule msalaba ni mara, yaani mara moja kwa siku. Babu alipaswa kunywa nusu, akanywa vitatu, siku tatu mfululizo, na figo hazikuwa na uwezo wa kutoa hata kimoja. Usingizi ule haukuwa wa kulipa siku arobaini. Ni dawa ilikuwa imejaa kichwani. Kucheza kwa mikono ni dawa. Tungechelewa siku nyingine moja, nisingependa kuandika mwisho wa sentensi hii.

Kosa si lako. Uliisoma kama ilivyokuwa, mimi ndiye niliyeandika kama tunavyoandikiana sisi wa dukani. Na lipo kubwa zaidi. Daktari Ildefonsi hakuandika dawa ile. Nilimwomba akakataa, alisema kwa figo za babu hata nusu ni ya kuogopa, mleteni. Nikaichukua rafuni mwenyewe, kwa sababu ya pete. Nikakuandikia kwamba daktari anawasalimu, ili usiniulize. Kazini nimeshasema, na nimeandikiwa karipio. Sasa nakwambia wewe, na hilo ndilo gumu.

Kilichomtoa babu ni ile mashine. Ndiyo iliyosafisha uchafu na dawa pamoja. Jumapili hiyo hiyo walimuunganisha, hakujua. Jumatatu tena. Jumatano asubuhi alifumbua macho, akauliza nani kapika uji usio na chumvi, nikajua karudi. Kwikwi hana.

Sasa Gentille. Nimempata, sikuhitaji kumtafuta. Ni mama wa miaka sitini na kitu, mkimbizi wa Kongo, figo zake kama za babu, gari la kambi linamleta kila Jumatatu na Alhamisi. Mumewe Kalunga humsubiri nje na kikapu cha sabuni za kuuza. Mwezi wa tano babu hakwenda kununua vifungo. Alikwenda peke yake kuiona mashine. Alisimama mlangoni kwa woga, na mama huyu akamwita kutoka kwenye kiti chake, "Papa, ingia, ile mashini haiumake." Akamwonyesha kiti kinachofuata cha kwake, kilichoko dirishani, akamwambia, ukikubali nitakuwekea hiki. Na babu alikubali, Bibi. Daktari, ambaye hakujua kwamba ni babu yangu hadi nilipomleta, anasema alikubali siku ile ile, akapangiwa Jumatatu. Kisha akarudi Kibondo na hakuonekana tena.

Nimemwuliza kwa nini. Amegeukia ukutani, akasema, "Mwambie bibi yako nilichoiba ni siku moja tu. Mengine anayajua mwenyewe."

Mimi siyajui. Nawe uliniandikia kwamba huyajui.

Zuleha


Kasulu, 4 Agosti 2024

Bibi, shikamoo.

Juma la tatu hujajibu. Pasikali anasema ukiona gari lake unaingia ndani. Anasema pia ulimwuliza kama babu anakula, kwa hiyo najua hujatukataa kabisa.

Anakula. Kwikwi ilirudi kidogo juma lililopita, siku mbili, hasa siku ya mashine inapokaribia. Daktari Ildefonsi amempa dawa nyingine, kapsuli ndogo, anaimeza mbele ya nesi baada ya kushuka kwenye mashine tu, siku nyingine haigusi. Imetulia. Hii daktari kaiandika kwa mkono wake, na nimemwomba aandike kwa maneno.

Chumba cha pili kimepata kitanda. Babu anamwekea viraka kila mtu wa uani. Lakini jioni anakaa mlangoni akielekea barabara ya Kibondo, na Alhamisi amemwambia Daktari kwamba akimaliza mwezi huu ataacha. Hataki kusema kwa nini, kama kawaida ya nyumba hii.

Amekununulia vifungo. Vimo ndani ya karatasi hii.

Zuleha


Kibondo, Jumapili 25 Agosti 2024

Kwako Zuleha, mke mwenzangu,

Asalaam aleikum. Huku nyumba ni kimya. Kicheche karudi, kakuta hakuna kuku mjinga, kaondoka. Mtoto wa Kipriani amekua, lile pindo nililolirudia limefumuliwa tena. Mansuri ananiuliza kila asubuhi hali ya mzee, na simjibu, maana dukani kwake ndiko lilikotokea.

Vifungo vimefika. Ni vyeupe, vya matundu manne, ndivyo nilivyomwagiza mwezi wa tano. Nimekaa navyo juma zima na zaidi kabla ya kushika kalamu. Sasa kaa wewe kwenye kreti lako.

Siku ile aliporudi bila vifungo, nilikuwa barazani kwa Mansuri na watu wamejaa. Hajakaa, hajanawa, akasema, "Zaitun, itabidi niwe nakwenda Kasulu kila Jumatatu na Alhamisi." Nami nikamjibu, watu wasikie wacheke, "Mwanamume wa kwenda Kasulu mara mbili kwa juma ana mke huko. Nenda, ila ukirudi utakuta mlango nimeufunga na cherehani nimeiweka nje." Wakacheka sana. Na yeye akacheka. Akaingia ndani, hakulitaja tena. Siku kumi baadaye kwikwi ikaanza.

Nilikuwa natania. Nusu nilikuwa natania. Ile nusu nyingine ilikuwa ni kwamba miaka arobaini na sita sijalala nyumba hii bila mtu wa kumgombeza. Yeye alilijua hilo, mimi ndiye nilikuwa silijui, na aliona afadhali afe kwa adabu mbele ya macho yangu kuliko kunifanya nilijue. Uliniuliza sababu nikakuandikia siijui. Nilikuwa naijua tangu ule uzi mwekundu.

Kwa hiyo karipio lako la kazini sikuhurumii, lilikupasa. Mkubwa anaweza kukosea kwa ujinga, wewe umekosea kwa kujua. Lakini mimi nilimzuia kwa mdomo, wewe ukamlegeza kwa kidonge, tumeshirikiana vizuri kumuua mume wetu, na aliyemnusuru ni mama wa Nyarugusu aliyemwita aingie. Mpelekee unga wa muhogo niliompa Pasikali. Mwambie umetoka kwa mwenye meno.

Sasa sikiliza, na umsomee yeye mwenyewe, kwa sauti kubwa kama simu yangu.

Kuacha mashine haachi. Sheikh Shamsi ameniambia mwanamume mwenye wake wawili hupewa zamu, na zamu huheshimiwa. Sikuwahi kukubali mke mwenza maisha yangu yote, waliojaribu wanajua. Leo nakubali. Jumapili jioni nitakuwa namkabidhi kwa Pasikali. Jumatatu mashine, atalala kwako, utampikia bila chumvi na utamvumilia. Alhamisi akishuka kwenye mashine na kumeza kapsuli yake mbele ya nesi, unamrudisha kwangu, na mlango atakuta wazi. Cherehani iko palepale, nimeitia mafuta. Pete yake ninayo, ataichukua kwa mkono wake kwenye ncha ya kanga.

Zamu ya kwanza naanza mimi, kwa kuwa ni mkubwa. Alhamisi hii nakuja mwenyewe kumchukua. Nitakaa kwenye hicho kiti cha dirishani nikione kilichosifiwa hivyo, Gentille asogee kidogo.

Basi mume nakugawia nusu. Nimeandika kwa maneno, nusu, usije ukanisomea moja na mbili.

Mke mkubwa,
Zaitun